Mkwe Aliyeangukia Kisanduku Chekundu

"Binti yangu sikupi," alisema Mama Cherehani, akachomeka pini nyingine kwenye bega la koti. "Nyoosha mkono."

Mwanamume aliyekuwa ndani ya koti hilo akaunyoosha mkono. Alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya chumba cha kushonea, koti la harusi likiwa na mkono mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado uko mezani, bapa, umechorwa chaki. Akamtazama mchumba wake aliyekaa karibu na mlango, kwa macho ya mtu anayeuliza kama amesikia vizuri.

Mchumba huyo, Daktari, alikuwa amesikia vizuri sana. Ndiyo maana alifumba macho kwanza, akahesabu mpaka tano, akayafumbua.

"Mama. Unamshonea koti la ndoa, halafu unasema humpi binti?"

"Kazi yangu ni kushona. Koti nitalimaliza. Atalivaa kazini."

"Kazini anavaa ovaroli."

"Basi atalivaa Jumapili."

Mwanamume huyo alifanya kazi kwenye karakana ya hospitali, akitengeneza mashine za kupimia presha, na kwa sababu hiyo dunia nzima ilimwita Fundi Presha. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Daktari alimpenda hadi aibu. Mtu mwenye shahada tatu hapaswi kusimama dirishani mwa ofisi yake hospitalini akichungulia karakana ili amwone mtu akipita na bisibisi, lakini alisimama, siku nyingi, na chai yake ikapoa.

"Mama, nimekosea wapi?" Fundi Presha aliuliza kwa adabu. "Niambie nijirekebishe."

"Hujakosea, baba. Wewe ni mtu mzuri. Tatizo lako ni hili." Akanyoosha kidole ukutani.

Pale ukutani, kati ya kalenda na kioo cha wateja, palikuwa pamebandikwa jedwali lenye rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mama alikuwa amelipeleka likawekewa nailoni ngumu ili lisichakae. Daktari alilifahamu jedwali hilo kuliko alivyofahamu kiganja chake, maana ni yeye aliyelitengeneza. Miaka sita alikuwa amewafuatilia watu elfu tatu, akawapima presha, kiuno na mafuta ya damu, akawauliza kuhusu sigara na wazazi wao, akaandika nani moyo wake ulipata matatizo na nani hakupata. Makala ilipochapishwa kwenye jarida la kitaalamu, alitoa pia kijitabu chepesi kwa ajili ya watu wa kawaida, na nyuma ya kijitabu akaweka jedwali hilo. Alitaka mtu yeyote aweze kulielewa. Sasa alijuta kulifanya jepesi kiasi hicho.

Maana mama yake alikuwa amelielewa. Watafiti wenzake walisoma makala wakampongeza, wakaendelea na mambo yao. Mama Cherehani alisoma kijitabu mara nne akaanza kazi. Mteja akija kushona gauni, anapimwa kifua, kiuno na nyonga, kisha anaambiwa yuko kwenye rangi gani. Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kupunguza suruali, akatoka analia.

"Nimemtafuta humo," Mama alisema. "Nimempima Alhamisi. Umri thelathini na tisa. Sigara havuti, namshukuru. Kiuno inchi thelathini na nane, hiyo imeshavuka mstari. Presha mia na hamsini na mbili. Baba yake mzazi kafa kwa moyo akiwa na miaka arobaini na saba. Ukifuata mstari hivi, na hivi, kidole kinaangukia wapi? Hapa. Kisanduku chekundu. Nani kaandika kwamba nyekundu ni hatari kubwa? Ni mimi?"

"Ni mimi," Daktari alisema, meno yamekazana.

"Basi tusibishane. Umeandika mwenyewe na jina lako liko juu."

Daktari alisimama. Alikuwa amebishana na maprofesa wenye mvi, akatetea takwimu zake mbele ya kamati iliyomtoa jasho saa tatu mfululizo. Hakuna aliyewahi kumpandisha hasira kama mwanamke huyu mfupi mwenye futi ya kitambaa shingoni.

"Presha ulimpima saa ngapi?"

"Alipoingia."

"Alipoingia! Mama, mtu akae kwanza dakika tano. Anyamaze. Asiongeleshwe."

"Hakuongea sana."

"Mama aliniuliza ndugu zangu wako wangapi," Fundi Presha alichangia kutoka kwenye kigoda, "na kama kuna aliyewahi kufungwa."

"Wakati mashine inapima?"

"Mashine ilikuwa inavuma, ndiyo. Halafu nilikuwa mbele ya mama mkwe. Presha ingeshuka vipi?"

"Umeona?" Daktari alimgeukia mama yake. "Na kiuno ulikipima wapi?"

"Mtu kiuno anacho kimoja."

"Hapana! Sisi tunapima kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Wewe umepima penye mkanda. Na tena..." Alinyamaza ghafla, akakimbilia daftari la vipimo lililokuwa wazi mezani. Akalisoma, akamtazama mama yake. "Mama, hii thelathini na nane ni ya mwili, au umeshaongeza?"

Kwa mara ya kwanza tangu mchana Mama Cherehani alionekana hana uhakika. Kwa miaka thelathini na mitano ya ufundi wake hakuwahi kuandika kiuno cha mtu kama kilivyo. Kila kipimo alikiongeza inchi mbili hapohapo kichwani kabla ya kukiandika, ili mvaaji apate nafasi ya kupumua na kula. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe bila kumuuliza.

"Nimeongeza," alisema polepole.

"Umeongeza! Kwa hiyo ni thelathini na sita. Hajavuka mstari wowote." Daktari alicheka kicheko kikavu. "Mungu wangu. Na wale wateja wote? Mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu ni mnene, acha kunipotosha."

"Mama, umemtia mwenzio kwenye nyekundu kwa inchi za kupumulia! Fundi hayuko kwenye nyekundu, yuko kwenye chungwa. Asilimia kumi na moja. Maana yake, ukichukua watu mia wanaofanana naye, kumi na mmoja ndio watapata shida ya moyo ndani ya miaka sita. Themanini na tisa hawatapata. Themanini na tisa, mama!"

Daktari alidhani ameshinda. Kisha akaona kwamba Fundi Presha hacheki tena, hata kwa macho.

"Kumi na moja," alisema Fundi.

"Ndiyo. Ni kawaida kabisa, kwa mtu ambaye baba yake..."

"Hukutazama ukutani."

"Nini?"

"Umesema kumi na moja bila kutazama jedwali. Mama ametaja presha mbaya na kiuno kibaya. Presha yangu ya kweli hakuna aliyeitaja humu ndani." Alishuka kwenye kigoda. "Ulishanipigia hesabu."

Daktari alihisi uso unapata moto. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema mtaalamu anakadiria tu, kwa uzoefu. Lakini Fundi alikuwa anamtazama, na mtu huyu akimtazama hivyo, uongo ulikuwa haumtoki.

"Nilikupigia," alisema.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka jana. Tulikuwa ndiyo tumeanza."

"Kiuno changu ulikijuaje mwezi wa tatu?"

"Nilikukumbatia," Daktari alisema kwa sauti ndogo. "Mikono yangu naujua urefu wake."

Mama Cherehani akakohoa, akajishughulisha na pini.

"Na presha?"

"Unajipima kila asubuhi ukijaribu mashine. Unaandika kwenye karatasi za majaribio. Zinapita kwenye meza yangu."

Fundi Presha akatingisha kichwa taratibu. "Miezi kumi na sita. Nimekaa nawe miezi kumi na sita, nakula nawe, napanga nawe nyumba, na wewe unanitazama huku unajua mimi ni kumi na moja. Mama yako angalau kaniambia usoni."

"Sikutaka kukutisha."

"Au ulikuwa unasubiri uone kama inafaa?"

"Fundi, hilo si haki!"

"Mimi natengeneza mashine, mpenzi. Mashine ikija, tunaipima kwanza. Ikipungua kidogo tunasema bado inaweza kutumika. Sikujua na mimi nimepitishwa hivyo."

Akatoka. Kwa hasira aliyokuwa nayo alisahau kwamba bado amevaa koti lenye mkono mmoja na pini ishirini, na alipokumbuka alikuwa tayari yuko kwenye ngazi za mbele, mbele ya mtaa mzima. Hakurudi. Kiburi kilimkataza. Akasimama hapohapo, akaegemea ukuta, pini zikamchoma, akaacha kuegemea.

Ndani, Daktari alimgeukia mama yake.

"Umeridhika?"

"Mimi? Nani kafanya hesabu kwa siri? Mimi yangu iko ukutani, kila mtu anaiona."

"Mama, kwa nini lakini? Niambie kweli. Kila siku ulikuwa unanisumbua niolewe. Shangazi zangu wote uliwatuma. Nimepata mtu, ananipenda, anakuheshimu, mashine yako ya presha kaitengeneza bure mara tatu. Leo unatafuta kisanduku cha kumtupia. Kwa nini?"

Mama Cherehani alikunja ule mkono wa koti uliokuwa mezani, akaukunjua tena.

"Baba yako alikuwa rangi gani?" aliuliza.

Baba yake Daktari, mwalimu wa jiografia, alianguka ubaoni akichora mito, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa kidato cha tatu, darasa la jirani. Watu wakimuuliza kwa nini alichagua kusomea moyo, huwa anasema ni fani yenye nafasi nyingi za utafiti.

"Sijawahi kumpigia hesabu," alisema.

"Mtu wa kumkumbatia tu umempigia. Baba yako hujampigia?"

"Sijaweza, mama."

"Basi. Mimi niliachwa na chakula chake mezani. Sikutaka siku moja na wewe ufunike sahani ya mtu asiyerudi. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine. Umeandika kitabu kinachosema nani atarudi na nani hatarudi, halafu unataka nisikisome?"

"Hakisemi hivyo! Ndiyo ninachokueleza tangu mchana! Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Kinasema watu mia. Hakimsemi mtu mmoja. Mimi mwenyewe siwezi kukuambia Fundi yuko kwenye wale kumi na mmoja au wale themanini na tisa. Hakuna anayeweza."

"Sasa kina kazi gani?"

Swali hilo kamati nzima ya maprofesa haikuwahi kuliuliza kwa ufupi namna hiyo. Daktari alitupa mikono juu, akatoka nje.

Fundi Presha alikuwa amekaa ngazi ya chini, mgongo umenyooka kama wa mwanafunzi aliyeadhibiwa, kwa sababu ya pini. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo kichwani alipunguza mwendo amtazame vizuri.

"Pole na koti," mama huyo alisema.

"Asante," alijibu Fundi.

Daktari akakaa ngazi ya juu yake, nyuma ya bega lisilo na mkono. Alitamani kuliegemea. Akaogopa, lakini si pini.

"Hujaniuliza swali moja," alisema.

"Lipi?"

"Baada ya kupiga hesabu nilifanya nini."

Fundi hakugeuka. "Ulifanya nini?"

"Ilikuwa saa nne asubuhi, niko ofisini, nina vitafunio mkononi. Nikaona kumi na moja. Nikaichapisha, nikaikunja, nikaichana. Nikachukua simu nikakupigia, nikakuuliza kama utakuja jioni. Ukasema una mashine nane za kurekebisha. Nikasema nitakuja mimi, nitakushikia taa. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Bega lilishuka kidogo.

"Ulishika taa vibaya," alisema. "Ulikuwa unanimulika usoni."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Nilifikiri hujui kushika taa."

"Wewe mwanamume unaniudhi!" Daktari akalipuka, machozi yamemjaa na hasira imemjaa vilevile, hakujua kipi kitangulie. "Nilikuwa nimejua kila kitu, Fundi. Kila kitu. Baba yako, presha yako, kumi na moja yako. Nikaja. Sikuja kwa sababu namba inafaa. Ingekuwa arobaini ningekuja, na taa ningeshika vibaya vilevile. Kosa langu ni kunyamaza, na hilo nakuomba msamaha. Nilinyamaza kwa sababu nikikuambia nami ningelazimika kuisikia kwa sikio langu. Naogopa. Mimi ndiye niliyeandika jedwali na mimi ndiye ninayeliogopa kuliko wote. Sasa umefurahi?"

Fundi Presha akageuka. Alimtazama kwa muda mrefu, na yale macho yakaanza, taratibu, kufanya ile kazi yao ya kutangulia mdomo.

"Kidogo," alisema. "Ila ukinikumbatia sasa hivi utajichoma."

"Sijali."

Alijali, baada ya sekunde mbili. Walikuwa bado wanachomoana pini, yeye akisema aah na mwenzake akisema tulia, sauti ya Mama Cherehani ilipowaita kutoka ndani. Haikuwa sauti ya amri. Ndiyo maana wote wawili walinyanyuka haraka.

Walimkuta amesimama mbele ya jedwali. Juu ya cherehani kulikuwa na rundo la madaftari ya zamani, majalada yamelegea, na moja lilikuwa wazi. Mwandiko ulikuwa wa Mama mwenyewe alipokuwa kijana, wa wino wa bluu. Kiuno, urefu, paja, pindo. Kiuno, urefu, paja, pindo. Mwaka hadi mwaka, suruali za mtu mmoja.

"Nimempunguzia baba yako zile inchi mbili," Mama alisema bila kugeuka. "Kila mwaka nimempunguzia. Mwaka wa mwisho alikuwa na arobaini kamili. Sigara alivuta, nilikuwa nazitupa, ananunua nyingine. Presha hatukuwahi kuijua, nimeweka ya katikati. Miaka hamsini na mmoja." Kidole chake kilikuwa kimetulia juu ya nailoni. "Kimeangukia hapa. Hii ni ngapi?"

Daktari alisogea. Alitazama kidole cha mama yake, kilichojaa alama ndogo za sindano, kikiwa katikati ya nyekundu.

"Ishirini na sita," alisema.

"Maana yake?"

"Watu mia kama baba. Ishirini na sita wanapata. Sabini na wanne hawapati."

"Sabini na wanne," Mama alirudia. "Kumbe walikuwa wengi." Akaondoa kidole kwenye nailoni. "Na mimi nikapewa wa wale wachache."

Fundi Presha alivua koti taratibu, akalilaza mezani kana kwamba lina usingizi.

"Mama," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na ukali. "Kama siku ile ya kwanza aliyokuja kushona suruali mtu angekuonyesha jedwali hili, akakuambia huyu atakuwa nyekundu. Ungemwacha?"

Mama Cherehani akageuka kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu na mtoto aliyemsomesha kwa shida.

"Nimwache? Wewe una wazimu? Unajua nilimsubirisha miezi minane yule mtu? Minane! Nilitaka gauni lenye shanga kifuani, na shanga nilizishona mwenyewe moja moja, jioni baada ya kazi. Anakuja, namwambia bado. Anakuja, namwambia bado kola. Tulikaa naye miaka kumi na tisa na miezi mitatu, nimeihesabu mara nyingi kuliko hizo hesabu zako. Ningejua, ningeolewa naye wiki ileile, na nguo ya kazi, chaki kifuani. Miezi minane nimeipeleka kwenye shanga!"

Akaketi kwenye kiti cha cherehani. Akachukua kipande cha bitana kilichobaki, akajifuta macho, akapenga kamasi, akakitupa kapuni. Alipoinua uso, Daktari aliutambua mtazamo huo. Huo ndio uliokuwa usoni mwa mama siku alipobandika jedwali.

"Ndoa ni lini?" Mama aliuliza.

"Mwezi wa kumi na mbili. Tulikubaliana. Ukumbi tumeshauomba..."

"Miezi mitano? Ya nini?"

"Mama, umetoka sasa hivi kusema humpi kabisa!"

"Na sasa nasema Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo!" Daktari alishika kichwa. "Na shangazi zangu? Na ndugu zake? Na kadi?"

"Wapigie simu. Mtu akikupenda hahitaji kadi."

"Mama," Fundi Presha alijaribu, "koti lina mkono mmoja."

"Utavaa shati, mwanangu. Nani atakutazama wewe?"

Daktari alivuta pumzi. Alitaka kueleza, kwa mara ya mwisho na kwa utulivu, kwamba asilimia kumi na moja ni ya miaka sita, si ya miezi mitano, na kwamba hakuna mtafiti duniani atakayekubali jedwali lake litumike kupanga tarehe ya harusi. Maneno yote alikuwa nayo tayari. Akamtazama mama yake, macho mekundu, ameshaanza kutunga uzi kwenye sindano bila kuangalia. Akamtazama Fundi, amesimama na shati lililojaa vitundu vya pini, anamngojea.

"Jumamosi ijayo nina semina," alisema.

"Ya nini?"

"Ya moyo."

Mama yake akaendelea kumtazama tu.

"Ijumaa je?" akauliza Daktari.